Jela Isiyo na Mgongo

Bunduki ilikuwa na harufu. Haikuwa ya baruti wala ya mafuta. Hizo Thurman Bixby alikwisha kuzizoea. Hii ilinuka kikwapa cha watu wengi waliolazwa chumba kimoja, ikanuka na unyevu pia, tena katika Arizona ya mwezi wa sita, ambako nguo hukauka kabla hujamaliza kuianika.

"Umeniletea choo cha gereza ndani, mzee wangu," Verlene, mkewe, alimcheka.

Hakukosea sana. Ilikuwa bunduki ya pampu, ya kukokiwa kwa kuvuta kishikio, ya mwaka 1897, ya walinzi wa gereza la kale lililobomolewa, na Thurman aliipata mnadani. Katika mnada huohuo klabu yao ilinunua nondo za selo, wakazipachika kwenye jela yao ya maigizo. Maana ndiyo starehe yao hao: kila mwezi huvaa kofia pana na buti za mababu, wakapeana majina ya bandia, wakashindana kuangusha sahani za chuma kwa silaha za kale. Mji wao ni wa plaiwudi, una baa, benki na jela, vyote sura tupu. Ukipita mlangoni unatokea jangwani.

Wana desturi moja. Kabla ya kufyatua, mshindani hutamka maneno aliyoandikiwa, ndipo kidude cha saa kinalia. Mwezi ule Orville, mzee mpenda mzaha anayetunga mashindano, aliandika hivi kwa ajili ya jela: *Mwacheni huyo aende, mimi nitakaa badala yake.*

"Nani huyo ninayemkalia?" Thurman aliuliza.

"Wewe sema tu, Kasisi Mlevi," Orville alimjibu kwa jina lake la klabuni. "Maneno hayaui mtu."

Thurman akasimama nyuma ya nondo, akayasema kwa mbwembwe, watu wakacheka. Kisogoni pake mtu akashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Kidude kikalia. Akavuta pampu, na mlio uliotoka haukuwa wa pampu. Ulikuwa wa mlango wa chuma unaofungwa. Sahani zikaanguka zote. Akageuka atokee nyuma.

Nyuma kulikuwa na ukuta.

Ukuta wa mawe, umelowa, na mikono yake mitupu ilipoupapasa ilikuta mikwaruzo ya kucha za watu, mingine mipya, na alipogeukia nondo kuita watu wamsaidie akaona, pale kwenye meza ya kukagulia silaha, mwanamume aliyevaa kofia yake, mwenye mgongo wake na kitambi chake, akiifungua ile bunduki ili Orville achungulie na kusema "Tupu!", na Verlene akimfuta jasho yule mtu kwa leso, huku Thurman akipiga kelele mpaka koo likamchubuka na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Washindani wengine waliingia baada yake. Walimpita mwilini kama upepo, wakatamka maneno yaleyale, wakatoka salama. Bunduki zao hazikuwa ile. Kisha magari yakaondoka, na pikapu yake ikaondoka nayo, inaendeshwa na yule.

Alikaa humo mwezi mzima. Hakuhisi njaa, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Jua lilichoma nje, ndani kukawa na baridi ya kisima, na kila alipofumba macho mtu alikohoa karibu yake.

Klabu iliporudi, yule mtu hakuthubutu kuisogelea jela. Alibaki ndani ya pikapu, amejikunyata. Aliyeingia ni Verlene, na bunduki ilikuwa mikononi mwake.

"Mzee wangu, upo humu?" alinong'ona. "Usiponijibu sitakasirika. Yule aliye nyumbani si wewe. Anakula amezungushia sahani mkono, asije akanyang'anywa. Anaomba ruhusa kwenda msalani. Ananiita afande, Thurman! Mimi!" Akageuka kutazama kule penye pikapu. "Nimekwenda mpaka mji wa Nogales, kwa mganga Doña Eulalia. Mganga kasema lililofungwa kwa neno hufunguliwa kwa neno hilohilo. Nikamwomba Orville ayarudishe maneno yale."

"Usiseme!" Thurman alipiga yowe, akamshika bega na mkono ukapita. "Mama, toka! Niache nioze humu! Usiseme!"

Verlene aliinua uso. "Mwacheni huyo aende," alisema, mkono ukiwa tayari kwenye pampu. Mengine yalizama katika mlio wa mlango wa chuma.

Thurman akajikuta ndani ya pikapu, juani, jasho linamtiririka. Alilia kwa furaha. Mkewe alitoka nyuma ya jela, akaenda mezani, akaifungua bunduki, Orville akasema "Tupu!"

"Ulimaliziaje maneno yale?" Thurman alimuuliza njiani.

"Nilisema alivyoniambia mganga." Alikuwa anaangalia nje, anaangalia kila kitu. "Ile bunduki uikate. Leo."

Hakuhitaji kubembelezwa. Hata kofia hakuivua. Alikwenda moja kwa moja gereji, akaibana bunduki kwenye jiliwa na kuwasha msumeno wa umeme. Verlene alisimama mlangoni kumtazama mpaka kipande cha mwisho kikaanguka. Thurman alicheka. Kwa miezi mingi hakuwa amejisikia mwepesi hivyo.

Wakaketi kula maharage na mkate wa mahindi. Alitaka kumshukuru na maneno hayakumjia, kwa hiyo akawa anamtazama tu anavyokula haraka haraka, kichwa chini, mkono wa kushoto umeizunguka sahani. Thurman akaweka kijiko chini.

Verlene akasimama kando ya kiti, mikono nyuma, macho sakafuni.

"Afande," alisema kwa upole, "naomba ruhusa kwenda msalani."

Kule gereji, vipande vya bunduki, ufunguo pekee wa jela ile, vilikuwa bado vya moto.