Sufuria ya Kuskusi Isiyo na Mpishi

Kila alipotoka shuleni, Emna hakuhitaji kuuliza kama Bibi yuko nyumbani. Harufu ya tende, mdalasini na mafuta ya moto ilimpokea tangu mwanzo wa uchochoro. Bibi yake, Mabruka, alikuwa mpishi wa makrudhi, vile vitafunio vya unga wa ngano vilivyojazwa tende na kukaangwa. Mji mzima wa Kairuani unapika makrudhi, lakini wapo watu walioyapita maduka yote ya sokoni wakaja kugonga mlango wake wa buluu.

Emna alikuwa akitua mkoba, akinawa mikono, kisha akiketi mbele ya donge refu la unga lililojazwa tende katikati na kulikata vipande vipande.

"Kata mshazari, mjukuu wangu, mshazari! Huuzi sabuni," Bibi alizoea kumtania.

Wawili hao ndio walioshinda pamoja zaidi nyumbani. Baba yake Emna aliendesha lori la madini huko Gafsa na alirudi kwa nadra. Mama yake, Salwa, alifanya kazi katika kiwanda cha nyaya, akiondoka asubuhi na kurejea jioni amechoka.

Babu alipofariki wakati wa baridi, usingizi wa Bibi nao ulihama. Alikesha akigeukageuka kitandani, akaamka macho mekundu kama aliyemenya vitunguu. Mama alimpeleka kwa daktari, naye akamwandikia vidonge vya usingizi vya muda mfupi. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Bibi alilala, akaanza tena kuimba akikanda unga. Emna hakuvifikiria sana vidonge hivyo. Aliona ni mambo ya wakubwa.

Kisha, baada ya Shangazi Lamia, binti yake Bibi, kuja kuwatembelea kutoka mji wa Susa na kuondoka, nyumba ikaanza kuwa na mambo yasiyoeleweka.

Asubuhi moja Bibi alimwita Emna "Zakia". Zakia alikuwa dada yake Bibi, na alikufa zamani. Siku nyingine alitia chumvi kwenye chai ya mnanaa, akainywa bila kukunja uso. Alitembea akishika ukuta, na ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kufikia alasiri alikuwa yule yule Bibi wa siku zote, mwenye mzaha na macho makali. Emna akawa hajui amwamini Bibi yupi, wa asubuhi au wa alasiri.

Halafu ikaja ile kuskusi.

Emna aliamka akakuta sufuria kubwa juu ya jiko, imejaa kuskusi, zile chembechembe za ngano zilizopikwa kwa mvuke, pamoja na nyama ya kondoo, karoti na maboga. Jiko lilikuwa bado linawaka kwa moto mdogo, na chini ya sufuria kulikuwa kumeanza kuungua. Alizima gesi haraka. Bibi akaingia jikoni akijikokota.

"Nani amepika chakula hiki?" Bibi aliuliza.

"Si wewe, Bibi?"

"Mimi? Mimi nimetoka kitandani sasa hivi! Mtoto gani huyu anayeniletea mzaha asubuhi asubuhi?"

Mkono wa gauni lake la kulalia ulikuwa na doa jekundu la mchuzi. Emna alilitazama doa, akautazama uso wa Bibi. Bibi hakuwa akidanganya. Hilo ndilo lililomchanganya Emna zaidi. Kama angekuwa anadanganya, mambo yangekuwa rahisi.

Mama akatokea mlangoni akifunga kitambaa cha kichwa. "Kuskusi asubuhi hii? Kuna nini?"

"Ni mimi," Emna alisema, hata yeye mwenyewe akishangaa kujisikia. "Nilitaka kujifunza."

"Wewe? Wewe uliyeunguza yai juzi?" Mama alionja kwa ncha ya kijiko. "Na viungo ni vya Bibi yako kabisa!" Alimkazia macho, lakini basi la kiwanda likapiga honi nje, ikabidi akimbie.

Shuleni, Emna alimsimulia rafiki yake Shiraz.

"Hilo ni jini," Shiraz alisema bila kusita.

"Acha wewe! Jini gani anayemenya karoti?"

"Basi kama si jini, ni ule ugonjwa wa wazee." Shiraz alipunguza sauti. "Shangazi yake mama alianza hivyohivyo. Kwanza akasahau gesi, kisha akasahau majina, kisha akasahau nyumba. Wakamhamishia kwa mwanawe, hajarudi tena."

Maneno hayo yalimkaa Emna rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Mara ngapi Shangazi Lamia alikuwa amesema Bibi akaishi naye Susa, kwenye lile jengo refu lisilo hata na ua? Na Bibi alikuwa akijibu kila mara kwamba huko juu angekauka kama pilipili juani.

Jumapili asubuhi Mama alikwenda sokoni. Emna alikuwa akifua soksi zake uani aliponusa moshi. Alikimbilia jikoni. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya karai la mafuta, kidevu kifuani, mkono uliokuwa na kijiko cha matundu ukining'inia karibu kabisa na moto. Ndani ya karai makrudhi yalikuwa yamegeuka mkaa. Mafuta yalifuka moshi mzito.

Emna alizima gesi, akamvuta Bibi kwa mabega mpaka kigoda kikaanguka.

"Bibi! Bibi, amka!"

Bibi alifumbua macho polepole. "Zakia, umeshakanda unga?" Kisha akaliona karai. Akamwona Emna analia. Uso wake ukabadilika, na kwa mara ya kwanza Emna aliona mtu mzima akiogopa kama mtoto.

"Akili zinanitoka, mwanangu," Bibi alinong'ona. "Najiona. Nashika kitu, kinaponyoka. Usimwambie mama yako. Wakijua watanipeleka kwa Lamia. Niapie."

Emna akaapa. Waliyatupa makrudhi yaliyoungua na kufungua madirisha yote. Mama aliporudi na kuuliza harufu ile ni ya nini, wote wawili walisema ni ya jirani.

Baada ya hapo Emna hakuwa na raha. Shuleni alikuwa akimwazia Bibi na karai. Nyumbani alikuwa akimfuata nyuma nyuma mpaka Bibi akamwuliza kama amekuwa mkia wake. Amsaidie Bibi kwa kunyamaza, au amsaidie kwa kusema? Kila alipofikia jibu moja, la pili liliinuka na kuliangusha.

Siku chache baadaye Bibi alishikwa na mafua, akamtuma duka la dawa la mtaani. "Waambie wakupe ile dawa ya maji ya kifua ambayo jirani anaisifu. Anasema inakulaza kama mtoto mchanga."

Mfamasia, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari Widad, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Aliichukua chupa rafuni, lakini hakuitoa mkononi.

"Dawa hii inasinziisha sana. Ni ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Anatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana." Neno lilimtoka Emna lenyewe.

"Bibi yako ni nani?"

"Mabruka wa makrudhi."

Daktari Widad aliirudisha chupa rafuni. "Mabruka nilimpa vidonge vya usingizi mimi mwenyewe, kwa cheti cha daktari. Mbona unasema hatumii kitu?" Sauti yake haikuwa ya ukali. "Mwanangu, kuna nini nyumbani?"

Emna alinyosha mkono kwenye kitasa cha mlango, akaurudisha. Kisha yote yakamwagika: Zakia, chumvi, kuskusi, karai. "Lakini nimeapa nisiseme," alimalizia huku akijifuta machozi kwa mkono wa koti la shule. "Bibi anapatwa na ule ugonjwa wa kusahau, na watampeleka Susa."

"Huo ugonjwa nani amempima?"

Emna alitikisa kichwa. "Hakuna."

"Basi tusimpime sisi. Nenda nyumbani. Nitampigia mama yako simu sasa hivi. Jioni hii mje wote watatu, na mlete kila dawa iliyomo ndani, hata aliyopewa na mtu. Na jiko lisiwashwe mpaka mama yako afike."

Bibi alipojua, alijifunika shela yake nyeupe mpaka puani. "Umeniuza," alimwambia Emna, akatangulia njiani na Mama. Emna alitembea nyuma yao akitazama visigino vya Bibi, akitamani ardhi immeze.

Dukani, Mama aliumwaga mfuko juu ya kaunta. Kulikuwa na dawa ya shinikizo la damu, ya mgongo, na paketi mbili za vidonge vya usingizi, moja nyeupe, nyingine ya kijani.

"Hii ya kijani si yangu," Daktari Widad alisema. "Mama Mabruka, umeipata wapi?"

"Alinipa binti yangu Lamia. Vyake vilibaki. Akaniambia vile vyeupe ni dhaifu, hivi ndivyo vyenyewe." Bibi aliinua kidevu. "Nikaona daktari asivunjike moyo, basi kila usiku nikawa nameza kimoja cha huku na kimoja cha huku. Nikishtuka alfajiri naongeza kimoja, nipate kulala kidogo kabla ya kazi."

Mama aliushika mdomo wake.

"Emna, wewe una macho mazuri," alisema mfamasia. "Yaache majina makubwa. Soma maandishi madogo yaliyo chini yake, kwenye kila paketi."

Emna alisoma ya kwanza, herufi kwa herufi, kisha ya pili. Akasita. Akarudia. "Ni neno moja!"

"Naam. Jina kubwa ni la kiwanda kilichotengeneza. Jina dogo ndilo la dawa yenyewe. Ni dawa moja, Mama Mabruka, na hii ya binti yako ina nguvu maradufu. Daktari alikupa kidogo makusudi, kwa sababu mwili wa mtu mzima wa umri wako huchelewa kuitoa dawa. Ulikuwa unameza mara tatu ya kipimo chako, na usiku mwingine zaidi. Na kile cha alfajiri kilikuwa bado kinafanya kazi mwilini wakati wewe unakaanga. Dawa za namna hii zikizidi, mtu anaweza kuinuka usingizini, akatembea, hata akapika, na asikumbuke kitu."

Bibi alizisogeza paketi mbili pamoja, akazitazama. "Kwa hiyo ile kuskusi nilipika mimi?"

"Wewe, Bibi," Emna alisema kwa sauti ndogo.

"Na ilikuwa tamu," Mama aliongeza, nusu akicheka, nusu akilia.

"Na akili yangu?"

"Daktari atakupima, lakini mimi naona dawa ndiyo iliyozidi," alisema Daktari Widad.

Bibi alijifunika uso kwa shela, mabega yakatikisika. Alipojifunua, macho yalikuwa yamelowa na hasira imerudi mahali pake. "Basi navitupa vyote chooni leo hii!"

"La, mama! Kuviacha ghafla kunaweza kukudhuru vilevile." Mfamasia alimpigia simu daktari. Daktari akaagiza Bibi aletwe kesho asubuhi. Usiku ule ameze kimoja tu cha paketi nyeupe, akiwa tayari kitandani, na Mama alale chumba kimoja naye. Paketi ya kijani ilibaki dukani ili iharibiwe. Dawa ya maji ya kifua hawakuuziwa.

Daktari alimpunguzia Bibi vidonge kidogo kidogo, chini ya uangalizi wake, mpaka akaviacha kabisa. Alimkataza kahawa ya jioni na usingizi wa mchana, akamtaka aamke wakati uleule kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Haikuwa rahisi. Zipo siku Bibi aliamka mkali kama siki, lakini hakumwita tena mtu Zakia, na mikono yake ikarudi kuwa imara. Hakuna aliyetaja Susa.

Jioni moja Mama alimketisha Emna kando yake. "Uliogopa kumpoteza Bibi, ukanyamaza, na kunyamaza huko nusura kumchome moto. Mgonjwa akikuapisha umfiche, mpende kuliko kiapo. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia."

"Hata akisema nimemuuza?"

"Hata akisema hivyo. Muulize sasa kama bado anasema."

Bibi hakungoja kuulizwa. Alikuwa sebuleni, simu sikioni, akiongea na Shangazi Lamia kwa sauti iliyofika hadi uchochoroni.

"Najua ulinitakia mema, binti yangu. Lakini nisikilize vizuri. Dawa ya mtu ni kama meno yake ya bandia. Hata umpende vipi, humwazimi! Kila mtu na kinywa chake, na kipimo chake, kutoka kwa daktari wake. Nani kanifundisha? Kanifundisha mjukuu wangu, aliyekataa kunyamaza."