Mkono wa Kuume wa Zéphirin

Foleni ya michopo ilikuwa imefika hadi barabarani Jumamosi ile, moshi wa nyama ya mbuzi ukiwaingia watu machoni, na hapo sokoni Likasi hapakuwa na habari nyingine ila Zéphirin. Bondia huyo wa mtaa wa Panda alikuwa ameangusha mtu mwingine. Sasa kila aliyesubiri nyama amekuwa mwalimu wa ngumi.

"Ule njo champion wa Afrika!" alipayuka Papa Déogratias, mwenye michopo, huku akikata mbavu.

"Afrika? Pole pole, Papa Déo," alisema Marcelline. Alikuwa ametoka kazini kwenye duka la dawa, amevaa kitenge cha bluu kilichomkaa vizuri kiunoni, kilemba amekifunga upande. "Mukono yake ya kushoto, ile iko ya kweli. Ikiingia mu mbavu, muntu anajikalisha yeye mwenyewe. Miguu pia, sina neno. Mais mukono ya kuume! Akitupa ngumi, haiirudishe pa shavu, inarudia pa kifua, chini. Siku atakutana na muntu wa crochet nzuri, ile ngumi ya kupinda, tutamuokota."

"Na ule bondia wako," sauti ikauliza nyuma yake, "sura, quand même, iko muzuri?"

"Sura haina kazi mu ring," akajibu bila kugeuka.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ndipo akageuka, akakutana na suti ya michezo ya manjano, mabega mapana na plasta ndogo juu ya nyusi. Zéphirin alikuwa akitabasamu kama mtu aliyepigwa akapenda.

"Nani alikufundisha ngumi, mama?"

"Papa yangu, marehemu Alphonse. Alikuwa bondia hapa hapa Panda. Alinifundisha kuangalia miguu mbele ya mikono."

"Basi kuya kuangalia yangu. Kesho, misa ikiisha."

Marcelline akaenda. Akarudi tena, na tena. Ukumbi wa Panda ulikuwa jengo la zamani la matofali, lenye harufu ya jasho na dawa ya kuchua. Marcelline alikaa kwenye benchi karibu na kocha Symphorien, mzee mnene asiyependa wanawake ukumbini, na kila mkono wa Zéphirin uliposhuka alipaza sauti: "Shavu!" Jioni simu zilifuata.

"Chérie, unafanya nini?"

"Nasonga bukari."

"Mukono ya kuume iko wapi?"

"Iko na mwiko. Na ya kwako?"

"Iko pa shavu. Lakini inakuwaza."

Marcelline alicheka hadi mama yake, Germaine, akachungulia jikoni kuona kulikoni.

Kisha likaja pambano kubwa la Lubumbashi. Asubuhi ya siku hiyo mtangazaji wa redio aliwapigia simu mashabiki kuwauliza wanamwonaje kijana wao. Marcelline alisema alichokiona. Aliusifu mkono wake wa kushoto, akazisifu pumzi zake na utulivu wake akibanwa kwenye kamba. Alipoulizwa kama ana dosari, alisita. Mpenzi angesema hana. Lakini binti Alphonse hakuwahi kudanganya kuhusu ngumi. "Mukono ya kuume inashuka," akasema. "Akiirekebisha, hakuna wa kumusimamisha."

Katika raundi ya sita mkono ule ukashuka. Crochet ikaja, ikamkuta shavuni, na Zéphirin akalala kifudifudi mbele ya watu waliotoka Likasi kwa mabasi kuja kumshangilia. Marcelline, aliyekuwa katikati yao, alijikuta amesimama, mkono wake mwenyewe umeganda shavuni.

Kesho yake simu ililia.

"Coach anasema ulibaonyesha pa kunipiga."

"Zéphirin, baliniuliza, nilisema ile tu nakuambia kila siku."

"Mi unaniambia mu salle ya ngumi. Bale bengine ulibaambia mu radio." Alikuwa akiongea kwa shida, taya limevimba. "Nilikuwa nafikiri niko na bibi. Kumbe niko na juge wa kunihukumu."

Akakata. Marcelline alipopiga, haikupokelewa. Siku chache baadaye akasikia ameondoka Panda, amekwenda kwa shangazi yake, kule Kakanda.

Mvua zikaja, zikaondoka. Redio ilimtafuta tena, akakataa. Kazini, mteja akiomba dawa ya kuchua, alimpa huku amebana pumzi, kwa maana harufu ile ilimrudisha kwenye benchi la ukumbi. Aliandika ujumbe, akaufuta. Alijifunza kupita njia nyingine ili asisikie gunia likipigwa, halafu akajikuta anapita njia ile ile, anasimama nje, anasikiliza. Hakuna gunia alilolisikia lililopigwa kama la Zéphirin.

"Mutoto, unakula sawa muntu wa malaria," mama yake alimwambia. "Kama unamupenda, sema. Kama hapana, kula."

Zéphirin alirudi kupigana Likasi mwezi wa saba, upepo wa baridi ukirusha vumbi jekundu mjini. Marcelline alikwenda mchana huo, akakaa nyuma kabisa. Hakuangalia uso wake kwanza. Aliangalia mkono. Ulitoka, ukarudi shavuni. Ukatoka tena, ukarudi. Mpinzani akatafuta upenyo kila upande, akakosa, na ngumi ya kushoto ilipomwingia mbavuni, akajikalisha mwenyewe. Marcelline alilia watu wakimtazama.

Alimkuta mlangoni, taulo shingoni.

"Nilikuona," Zéphirin akasema. "Uko wa pekee yako haukupiga makelele."

"Nilikuwa naangalia mukono."

"Marcelline, ule wa Lubumbashi alikuwa na video zangu zote. Hakungojea radio. Nilijua ile siku ile ile. Mais haya ilinishika. Kila muntu alisema niko mukubwa, weye tu ulisema kweli, na kweli ikanipiga mbele ya bantu. Unisamehe."

Marcelline aliushika mkono wake wa kuume, ambao bado ulikuwa na bandeji, akauweka shavuni pake mwenyewe. Wakakaa hivyo, watu wakiwapita.

"Kuko kintu ingine," akasema Zéphirin. "Bananiita Johannesburg. Salle kubwa, mwalimu mukubwa. Miaka mbili, pengine tatu. Coach anasema niende. Miye nataka kusikia weye. Kama supporter, si kama chérie."

Marcelline alijua neno moja tu lingetosha. Bakia. Lilikuwa tayari ulimini.

"Hapa hakuna tena muntu wa kukufundisha kwa ngumi," akasema. "Bale banakupiga, njo unajifunza kwabo. Ukibakia, mi naweza kukuambia leo mwisho yako: champion wa Likasi, na michopo ya bure. Ukienda, siione mwisho. Uende, Zéphirin."

"Na kama chérie?"

"Kama chérie, ninaomba bus iharibike."

Alicheka, macho yake yakiwa mekundu. "Nitatuma ba oncle kwa mama Germaine mbele ya kuenda."

"Batume. Nitabaambia ndiyo. Mais weye mwenyewe, urudie."

Wajomba walikuja kuposa, walikula, waliongea mengi, na Marcelline akasema ndiyo.

Asubuhi ya safari alivaa kitenge kipya cha maua, kana kwamba anakwenda harusini. Basi halikuharibika. Lilipoanza kupanda barabara ya Lubumbashi katikati ya malori ya madini, simu yake ikalia.

"Allô, chérie."

"Allô."

Hakuna aliyekata. Marcelline akasimama kituoni, simu sikioni, akisikiliza mngurumo wa injini, abiria mmoja akikohoa, na pumzi za Zéphirin, hadi vilima vikameza mtandao. Hata hapo hakuishusha simu.