Mishkaki ya Mzee Joab

Harufu ya nyama ya kuchoma ilianza kusikika chumbani kwa Wendy mchana, na jiko la Eddah lilikuwa halijaguswa tangu alfajiri. Eddah alifungua dirisha, akachungulia kichochoroni, akaona paka tu. Alipomwinamia binti yake ndipo alipogundua kuwa harufu ilitoka kinywani mwa mtoto ambaye kwa wiki nzima hakuwa amemeza hata uji.

Walikuwa watu wa bara, wamepanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe katika Mji wa Kale. Wenzao wa kanisani walikubaliana kufunga na kuwaombea watoto wao wote, wakianza na Wendy. Bramwel wa reli alifunga. Janet, anayenyonyesha, alikatazwa kufunga akalia. Joab, mume wa Eddah, ndiye aliyeutangaza mfungo wenyewe. Mzee wa kanisa, bwana! Akiomba, mate humruka hadi kwa walio safu ya tatu. Kila asubuhi alikwenda ofisini Shimanzi na uso wa mateso, ili watu wamuulize ana nini, naye awaambie kuwa amefunga. Eddah alianza kumwonea kinyaa kabla hajajua sababu.

Mwenye nyumba, Bi Shariffa, alikaa ghorofa ya chini. Alipanda kumjulia hali mtoto, akainusa hewa ya chumba, kisha akamvuta Eddah ngazini.

"Mwanangu, nyumba hii ina wenyewe, majini," alinong'ona. "Lakini hawa hawakai kwa mtu mpaka walishwe. Kati yenu kuna anayekula kobe, awaonyesha watu kafunga na huku ala kwa siri. Hicho alacho yeye ndicho chamshibisha huyu aliyemo mwilini mwa mwanao."

Jioni ile wenzao walikusanyika, wakashikana mikono kuzunguka kitanda. Joab akapaza sauti kumwamuru pepo atoke, na papo hapo ukutani kukasikika sauti ya kutafuna, polepole, ya mtu mwenye meno mazuri asiye na haraka, ikazunguka nyuma ya migongo yao, ikampita Janet, ikampita Bramwel, huku harufu ya nyama ikizidi hadi machozi yakawatoka, kisha sauti ikafika nyuma ya Joab ikanyamaza, na Wendy akafumbua macho, akasema kwa sauti nzito ya mwanamume aliyeshiba:

"Joab, mishkaki ya leo ilipungua ndimu."

Joab akasema shetani ni mwongo. Alisema hivyo huku akikunja mkono wa shati uliokuwa na doa la ukwaju. Kisha akaingia kueleza habari za vidonda vya tumbo na kazi nzito, kazi ambayo ni kukaa kitini na kupiga mihuri. Eddah hata hasira hakuwa nayo. Alimdharau tu, akajishangaa kuchelewa miaka yote hiyo.

"Toka nje," alimwambia. "Hapa tunaomba wenye njaa."

Joab akatoka na Biblia yake kubwa kwapani. Waliobaki wakaziba pengo lake, wakaomba kwa sauti ndogo za watu walioishiwa nguvu. Kule kutafuna kukaanza tena, safari hii mlangoni, kisha kukashuka ngazi moja baada ya nyingine. Harufu ikakatika. Wendy akajigeuza, akamwita mama yake, akaomba uji.

Eddah alikuwa akikoroga uji, mara mlango ukagongwa. Mwendo wa viatu ulikuwa wa Joab. Sauti haikuwa yake.

"Nifungulie, Mama Wendy. Mumeo analia humu ndani."

Janet aliziba mdomo kwa leso. Alipopata pumzi, akauliza kwa mnong'ono kama basi waendelee kufunga, wamwombee na Mzee Joab.

Eddah alionja uji, akaongeza sukari.

"Mfungo ulikuwa wa watoto," alisema, akampelekea bintiye kikombe.