Lori Jipya la Otiende

Kaeni kidogo, majirani wa Kitengela, niwaeleze yaliyompata Otiende.

Mwaka wa 2002, baada ya kuendesha magari ya watu kwa muda mrefu, Otiende alinunua lori lake mwenyewe, jipya kabisa. Jioni yeye na mkewe Phylis walikaa nje na chai wakiliangalia tu, binti yao mdogo Achola akisinzia mapajani pa babake.

Wiki haikuisha, gia zikaanza kuchomoka zenyewe mlimani.

“Baba Achola, lirudishe kwa waliotuuzia,” Phylis alimwambia.

“Watasema sijui kuendesha. Wacha fundi aangalie.”

Fundi akafungua giaboksi, akafunga. Mwingine naye akafungua. Hapo ndipo Otiende alipokosea. Miezi baadaye, alipokwenda kwa wauzaji, walimjibu, “Limeguswa na mafundi wa nje. Waranti, ile dhamana ya gari jipya, imekufa.”

Lori likabaki uani. Otiende akaenda Ewuaso Kedong kuendesha lori la mtu mwingine. Mwanzoni alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, halafu akaacha. Aliona aibu kupita kando ya lile lori. Phylis alimkosa sana. Gari kubwa likipunguza mwendo barabarani, aliinua pazia. Alipiga pasi mashati ambayo hakuna aliyeyavaa.

Mwishowe alimwendea wakili Makena, mjini Kajiado.

“Mama Achola, sheria inamtaka muuzaji auze gari linalofaa kazi yake,” Makena alisema. “Mngelikataa mapema, mngedai pesa yote. Kwa vile mmelitumia, tutadai fidia tu.”

Kesi ilivutana miaka. Mtaalamu alithibitisha kwamba kasoro ilitoka kiwandani, na hakimu akaamuru walipwe. Phylis akamtumia mumewe ujumbe: njoo nyumbani.

Siku aliyofika, mlango ulifunguliwa na Achola. Alimtazama yule mwanamume mwenye begi, kisha akamvutia kiti.

“Karibu uketi,” alisema kwa adabu. “Mama ameenda dukani. Nimwambie ni nani?”

Funzo

Ndugu zangu, gari jipya likiwa na kasoro, msiwape mafundi wa mtaani walifungue. Acheni kulitumia, mwandikieni muuzaji mara moja, mtunze risiti, mwoneni wakili. Wala msione aibu, maana kosa si lenu. Mahakama iliamuru Otiende alipwe hasara ya lori. Miaka ambayo mtoto wake alikua bila yeye, hakuna hakimu ambaye angeweza kuirudisha.