Kisukumio cha Vidole Sita

Asubuhi hiyo Mshonaji alikung'uta foronya dirishani, na maranda yakaanguka.

Hilo peke yake halikuwa ajabu. Mumewe alikuwa seremala, na mke wa seremala hunywa chai yenye maranda, hulala juu ya maranda, na siku ya kuzikwa huenda na mawili matatu kwenye nywele. Lakini haya yalikuwa meupe mno. Akaokota kipande kimoja, akakiinua mwangani. Kilikuwa chembamba kama ngozi ya kitunguu, na hakikuwa na mistari ya mti wowote. Akakinusa. Kilinuka kama ukucha ulioungua.

"Jana umeranda nini?" akauliza.

Mumewe alikuwa mezani anasugua boliti kwa mswaki. Mswaki wenyewe, tusifichane, ulikuwa wa mkewe.

"Sijaranda kitu. Mashine sijaifunga hata waya."

Mtaani walimwita Kamili. Jina lilitokana na mashine moja kuukuu ya kuranda mbao aliyoikuta kwenye vyuma chakavu, ikiwa uchi kama kuku aliyenyonyolewa: haina usukani wa kupandishia meza, haina ukuta wa kuongozea ubao, haina kinga ya visu. Kila aliyempitia karakanani aliambiwa lile lile: "Ngoja iwe kamili." Wateja walingoja milango yao. Vitanda vilingoja miguu. Yeye alikuwa kwenye basi, anafuata tetesi za kipuri.

Nisimcheke sana. Mimi nimewahi kuvuka mipaka na birika lisilo na mfuniko, nikiamini mfuniko wake uko mbele ya safari, na nikamfanya mke wangu alipakate njia nzima. Kwa hiyo ninapomsema huyu bwana, najisema nusu.

Vipuri vilimjia kwa urahisi wa kutisha, ila yeye hakutishika. Usukani alipewa bure na fundi mmoja mstaafu, safari ya kutwa nzima kutoka kwao. Ukuta aliupata upande mwingine kabisa wa nchi, kwa watu wasiojuana na yule mstaafu, nao hawakutaka chochote. Kinga ilikuwa imechimbiwa nyuma ya karakana iliyofungwa, na mwenyewe alimwazima jembe. Wote walimwambia neno moja: ukishaondoka nacho, usikirudishe. Wote walifunga mlango kabla hajamaliza kusema asante. Kamili aliona ana bahati.

Cha mwisho kilikuwa kisukumio, yaani kishikio cha chuma ambacho fundi hukitumia kusukumia ubao kwenye visu ili mkono wake ukae mbali. Mjane aliyempa alikileta kwa koleo la jikoni. Kilikuwa kizito, cheusi, na mahali pa kushika palikuwa na vijishimo vya vidole, vilivyolika kwa miaka ya kushikwa. Vilikuwa sita.

Mtu mwingine angekiacha pale pale na kukimbia. Kamili, kwa kuwa ni mkusanyaji, alifurahi. Kitu cha namna hiyo hakikuwamo kwenye katalogi yoyote aliyowahi kuiona. Alifika nyumbani amekikumbatia, akapita mbele ya mkewe bila salamu, na juma lililofuata ndipo maranda yakaonekana kwenye foronya.

Watu husema majini hungoja giza. Huyu hakungoja. Siku hiyo, jua la mchana likiwa utosini, umeme ulikatika mtaa mzima. Feni ya Mshonaji ilijizungusha ikachoka, redio ikanyamaza katikati ya tangazo la sabuni, naye akabaki anapinda sare za shule kwa mkono. Ndipo akasikia, nyuma ya ukuta uliotenganisha chumba chake cha kushonea na karakana, mashine ikizunguka.

Alidhani ni jenereta ya jirani. Akasikiliza. Sauti ilipanda, ikakwaruza kitu laini, ikashuka. Ikapanda, ikakwaruza, ikashuka. Kila ilipokwaruza, mgongo wake ulipata ubaridi, kama mtu anapokufungua zipu bila kukwambia.

Akazunguka, akasukuma mlango wa karakana. Mumewe hakuwepo. Waya wa mashine ulikuwa umeviringishwa, umening'inia kwenye msumari wake. Visu vilikuwa vinazunguka. Vilipunguza mwendo alipoingia, taratibu, mpaka vikasimama, kama watu waliokuwa wanamsengenya aliyeingia. Chini ya meza palikuwa na kilima kidogo cha maranda meupe, na harufu ya ukucha.

Jioni alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta ulikuwa unasikia.

"Imewaka yenyewe."

"Mashine?"

"Umeme haukuwepo, bwana. Nimeiona kwa macho yangu."

Macho ya Kamili yaling'aa. "Ilitoa sauti gani? Ilikuwa inagongagonga, au ilikwenda laini?"

Mshonaji akaenda kulala.

Gauni lake la nyumbani lilianza kumpwaya. Akalipunguza. Likapwaya tena. Shoga zake wateja walimsifu, wakamwomba siri ya kupungua. Lakini mshonaji ni mtu anayejua mwili wake kwa tepu kama mwenye duka anavyoijua mizani yake. Akasimama mbele ya kioo, akapima kiuno, akapima nyonga. Halafu, kwa sababu wazo baya lilikuwa limeshamwingia, akapima mabega kutoka mfupa hadi mfupa.

Alipima tena. Akabadilisha tepu, akapima mara nyingine.

"Mume wangu," alinong'ona, akiwa amesimama mlangoni mwa karakana bila kuvuka kizingiti, "mabega yangu yamepungua."

"Kula vizuri. Huli."

"Mabega hayakondi. Mtu akikonda hukonda nyama. Huu ni mfupa."

"Umepima vibaya."

"Nimeshona miaka yote hii, leo nimepima vibaya?"

Kamili alikwisha kugeuka. Alikuwa ameinamia kinga ya visu, anatafuta mkwaruzo uliokuwa mwembamba kuliko unywele, na akaupata.

Kwa hiyo Mshonaji alikwenda mwenyewe kwa mganga, mama mmoja mnene wa mtaa wa nyuma aliyeuza pia vocha za simu, na ambaye alimaliza kwanza kumhudumia mtu wa vocha. Alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake lilikuwa moja tu: hivyo vyuma vimetoka wapi?

Mshonaji akamweleza. Mganga akavua miwani.

"Mwanangu, hebu fikiri. Watu wasiojuana, kila mmoja na kipande chake, wote wanakigawa bure. Hao si wakarimu. Kuna watu zamani walimkatakata huyo jini vipande, wakavitawanya ili asiwe na mwili. Mumeo amepanda mabasi kumuunga."

"Na mimi nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Mashine ya kuranda inataka kitu cha kuranda, na wewe ndiye uliye karibu. Kinachomshikia kazi ni hicho cha vidole. Huo ni mkono wake. Mumeo aliyemleta akitoe kwa hiari yake, kizame kwenye maji au kiyeyuke kwenye moto, mahali ambapo mtu hawezi kukifuata. Asipotoa yeye, itabidi unyang'anye wewe, na hapo utashikana naye mkono."

Kamili aliposikia alikipakata kisukumio. Hakubisha, na hilo lilimpa mkewe matumaini. Alisema tu, "Kipo kimoja duniani, mke wangu."

"Na mimi?"

"Basi. Nitakitoa."

Wakaenda wote watatu kwenye kisima kirefu kilichoachwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Kamili alikuwa amekibeba kisukumio ndani ya kitambaa. Akakifunua, akakibusu, na mganga akageuza uso kwa aibu ya kuona jambo la ndani ya nyumba ya watu. Kikatumbukia. Maji yakajibu kutoka mbali. Njiani kurudi Mshonaji alimshika mumewe mkono kama wachumba, na akacheka kwa kitu kidogo alichosema.

Nyumba ilitulia. Foronya zikawa safi. Mshonaji akala, akalala, akaimba kwenye cherehani. Halafu mchana mmoja gauni likamteleza begani.

Siku hiyo alikuwa amempelekea chakula kaka yake, ambaye alikuwa na tanuri la kuyeyushia vyuma vikuukuu na kusubu, yaani kumimina kwenye kalibu, vipuri vya kila namna. Kaka alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliosha mikono, akaketi, akafunua sahani.

"Vipi shemeji yangu? Ile nakala niliyomsubia imemfaa?"

"Nakala gani?"

"Ya kile kidude cha vidole sita. Nilimtania, nikamwambia leta na mwenye mkono tumpime glavu. Akaniambia mkusanyaji wa kweli lazima awe na nakala ya kufanyia kazi, ya asili inakaa kabatini kwenye mafuta." Akatafuna. "Dada, mbona hivyo? Kaa chini. Umekuwaje mwembamba namna hii?"

Mshonaji hakukaa. Alimwambia kaka yake maneno mawili: tanuri lisizime. Akampigia mganga simu aje hapo hapo, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

Aliisikia kuanzia kona ya mtaa. Watoto walikuwa wanacheza mpira mbele ya nyumba, mwanamke wa jirani alikuwa anaanika nguo, na hakuna aliyegeuza kichwa, kana kwamba sauti ile ilikuwa ikiingia sikio lake yeye peke yake. Akapita sebuleni, akapita cherehani lake lililofunikwa, na kila hatua aliyopiga kuikaribia karakana kitu kilikuwa kikimpita mgongoni kutoka shingoni mpaka kiunoni, polepole, kikirudi, kikianza tena, bila maumivu hata kidogo, na kule kutokuwepo kwa maumivu ndiko kulikomfanya atake kupiga kelele, kwa sababu ubao nao haulii unaporandwa. Akasukuma mlango, akamwona mumewe ameketi kwenye kigoda, mikono kati ya magoti, anaitazama mashine kama mtu anavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea, na mashine ilikuwa imetimia, usukani, ukuta, kinga, na juu ya meza kisukumio kikienda mbele na kurudi bila mkono wowote wa kuonekana, bila ubao chini yake, na kutoka kwenye visu, ambako hakukuwa kumepita kitu, maranda meupe yalikuwa yakijikunja na kudondoka kwenye viatu vya mumewe.

"Tazama inavyokwenda laini," Kamili alisema bila kugeuka.

"Ulizamisha nakala."

"Nilitaka niione kamili mara moja tu. Kesho ningeitoa."

"Nipe."

"Usiiguse, itakwaruzika."

Basi akakifuata mwenyewe. Alinyoosha mkono juu ya visu vinavyozunguka, akakikamata kisukumio kilipokuwa kinarudi, na vidole vyake vilipoingia kwenye vile vijishimo vilikutana na vidole vingine vilivyokuwa tayari vimo, vikavu, virefu, vyenye joto la mtu mwenye homa, na cha sita, ambacho hakikuwa na mwenzake mkononi mwake, kikajikunja taratibu kikamshika kifundo. Akavuta, nacho kikavuta, harufu ya ukucha ikajaa kifuani mwake hata akashindwa kukohoa, na kwa sauti iliyotoka ndogo kama ya mgonjwa akamwambia mumewe, nisaidie, nisaidie, ananivuta. Na Kamili akainuka, akaja mbio, akaishika meza ya mashine kwa mikono miwili ili isitikisike.

Mshonaji aliona. Kwa namna fulani, kuliona hilo ndiko kulikompa nguvu. Alivuta kwa hasira ya ndoa nzima, na kitu kikaachia.

Alitoka nacho mbio amekifungia kwenye kitenge, kikitapatapa kama samaki, akapita katikati ya mpira wa watoto. Kaka yake alikuwa amefungua tanuri. Mganga alikuwa amesimama kando, viatu mkononi, anahema kama aliyefukuzwa. Mshonaji akakitupa ndani ya sufuria ya chuma kilichoyeyuka, pamoja na kitenge.

Hakikulia. Kilijikunja kwanza kwenye vijishimo vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayefumba ngumi. Kisha kikalainika, kikawa chuma cha kawaida, na harufu ikapanda hadi kwenye bati, ikatoka kwa dirisha. Kaka akamimina vyote kwenye kalibu ya vyuma vya dirisha.

Mganga alingoja mpaka vikapoa. "Ameondoka," akasema. "Amekwisha."

Mshonaji aliyavuta mabega yake nyuma. Yalitii. Hakuna kilichompita mgongoni. Akaketi chini kwenye vumbi la chuma, akaanza kulia taratibu.

Kamili aliingia wakati huo, amejaa jasho, kiatu kimoja mguuni. Alimpita mkewe aliyekaa chini. Akachungulia sufuria, akachungulia kalibu, akachukua kijiti akaanza kuchokoa majivu.

"Mmechanganya na chuma gani?" alimuuliza shemeji yake. "Kilikuwa na skrubu moja pembeni, ya shaba. Hamkuitoa? Hakuna aliyekumbuka kuitoa?"

Kaka akageuka kufunga tanuri.

Mshonaji alifuta uso kwa kiganja. Akamvuta mganga upindo wa nguo, akamnong'oneza ili mumewe asisikie.

"Bibi. Yule hajatoka wote. Amebaki ndani ya mume wangu, si unamwona?"

Mganga akavaa miwani yake. Akamsogelea Kamili, akamshika kidevu, akamtazama ndani ya jicho hili, kisha ndani ya lile, naye Kamili akanyoosha shingo apate kuona majivu kupitia bega lake.

"Hamna kitu, mwanangu," mganga alisema. "Huyu ni yeye."

"Mtazame tena."

"Nimemtazama."

"Nakuomba, bibi. Mara moja tu. Mtazame vizuri."

Na mganga, kwa huruma, akamtazama tena.