Shikamoo Iliyofutwa

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kufungia kuku, Mastura alikaa kizingitini kwa baba yake mkubwa kusubiri simu ya mama. Mama alikuwa Lindi mjini akimuuguza bibi hospitalini. Aliondoka na simu yake ndogo ya vitufe, ile kubwa ya kupapasa akamwachia Mastura ili awe anatuma picha za nyumbani, mama azione kwenye simu ya jirani yake wa wodini. Alisema atakaa siku kumi. Sasa wiki ya tatu ilikuwa inakatika.

Mazungumzo yao hayakuwa marefu. Bibi anaendelea hivi, daktari amesema vile, umekula nini, shuleni mmesoma nini, na mwisho swali ambalo halikukosekana hata siku moja.

"Kamba zikoje?"

"Safi, mama," Mastura alijibu kila jioni, bila kubabaika.

Kamba zenyewe zilikuwa thelathini, baharini mbele ya kijiji chao cha Pande, na kila moja ilikuwa imefungwa vitawi vya mwani. Mama alivifunga kwa mikono yake, kitawi kwa kitawi. Mwani ule ndio uliotegemewa kwa chakula cha miezi miwili ijayo na kwa dawa za bibi atakaporudi nyumbani. Mastura aliachiwa kazi moja tu. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali hadi kamba zikafikika, alitakiwa aende Jumamosi na Jumapili akaondoe matope na utando kwa mkono. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo hata mtu mvivu asingesema amechoshwa.

Lakini bamvua ya kwanza, Jumamosi kulikuwa na harusi kwa jirani, na Jumapili usingizi ulikuwa mtamu. Ilipofika ya pili, Jumamosi jua lilikuwa kali na simu ya mama ilikuwa na vichekesho visivyoisha. Jioni ile mama akaomba picha ya mwani. Basi Jumapili Mastura akashuka pwani kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke.

Alichokiona kilimkata maini. Kamba za upande wa ufukweni zilikuwa zimevaa utando wa kijani mrefu kama kidole. Chini ya utando, vitawi vilikuwa vyeupe, na alipovigusa vilikatika vikabaki mkononi. Alirudi nyumbani bila kupiga picha ya kumtumia mama. Jioni alimwambia bando limekwisha, na kwamba kamba ni safi.

Aliyempa wazo alikuwa Majid, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa darasa la saba na kwa mambo ya simu alijiona profesa. Alimwambia kuna mahali mtandaoni panaitwa Jamvi la Wakulima. Unauliza swali, wajuzi wanajibu, na hakuna anayekujua. Neno hilo la mwisho ndilo lililompendeza Mastura kuliko yote.

Aliandika kama walivyofundishwa kuandika barua shuleni. Aliwaamkia wakubwa wote wa Jamvi shikamoo. Akawapa Waislamu salamu zao na Wakristo zao, akauliza habari za familia na za kazi, akasema yeye Mastura huko Pande ni mzima na anawaombea afya njema. Baada ya salamu ndipo akauliza. Alisoma tena, akaridhika. Ilikuwa barua ya mtoto aliyelelewa.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kwenda shule, alifungua simu. Barua yake haikuwapo. Yalibaki maneno sita: "Mwani wetu una shida. Tufanye nini?" Na chini yake msimamizi wa Jamvi, aliyejiita Benedicto, alikuwa ameandika: "Salamu zimeondolewa. Maelezo hayatoshi. Swali limefungwa."

Mastura alihisi masikio yanawaka. Aliwaamkia watu wazima shikamoo, nao badala ya kuitikia wakaifuta kama uchafu. Pande nzima hakuna mtu mzima ambaye angethubutu kufanya hivyo, hata yule mlevi wa gengeni. Alitaka kumwandikia Benedicto amuulize kakosa nini. Alipobonyeza pa kujibu, likatokea tangazo kwamba mgeni hana alama za kutosha kujibu, na kwamba alama hupatikana kwa kuuliza maswali mazuri.

"Sasa nitaulizaje maswali mazuri na wameshanifungia?" alimuuliza Majid. Majid, pamoja na uprofesa wake wote, aliichukua simu akaigeuzageuza, akamrudishia.

Siku ile hakusikia chochote darasani. Alijua hesabu moja tu, nayo ilikuwa ya maji. Bamvua ile ilikuwa imebakiza siku tatu. Baada ya hapo maji yangekufa, yasingetoka tena mbali, na kamba zisingefikika kwa zaidi ya wiki nzima. Kufika wakati huo hata zile kamba za kwenye kina zingekuwa nyeupe.

Mchana aliporudi alikimbilia kwanza pwani akapiga picha, akaandika swali jipya bila habari za familia. Alieleza rangi, alieleza kukatika, akaweka na picha. Halikukaa hata saa moja. "Linajirudia. Tazama swali la zamani." Alilitazama hilo swali la zamani. Lilihusu mwani uliochukuliwa na mawimbi, sehemu nyingine kabisa. Mwenzake wa huko hakuwa na mwani mweupe, hakuwa na mwani wowote.

Mastura aliitupa simu mkekani akalia kwa hasira. Akaiokota tena, maana ni ya mama. Akarekebisha swali, akaeleza kwamba mwani wake haujachukuliwa na mawimbi, upo na unaoza. Safari hii Benedicto alimuuliza: kamba mnazisafisha mara ngapi?

Mastura akaishusha simu.

"Andika kila bamvua," alisema Majid, akichungulia juu ya bega lake. "Hao wanatafuta sababu tu. Ukisema hujasafisha watakufungia tena."

Akaongeza kwenye swali lake kwamba ni kila bamvua, na kwamba mara ya mwisho ilikuwa jana.

Jibu alilisoma Jumanne alfajiri, akiwa bado kitandani. "Picha na maelezo havilingani. Kamba iliyosafishwa jana haiwezi kuwa na utando wa urefu wa kidole. Swali limefungwa mpaka lirekebishwe."

Ameniita mwongo, alijisemea. Jambo lililomchoma zaidi, na hili hakulisema hata kwa Majid, ni kwamba Benedicto alikuwa amepatia.

Mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Yustina, hakuwa mtu wa kupitwa na uso uliovimba. Baada ya masomo alimwambia Mastura apite kwake. Alimkuta uani akichambua mbaazi alizoletewa na ndugu zake kutoka Rondo. Mastura aliamkia, akaitikiwa, na kule kuitikiwa tu kukamfungua kinywa. Alimwaga yote: shikamoo iliyofutwa, alama asizokuwa nazo, swali la mawimbi, kuitwa mwongo. Alisema Jamvi ni la watu waliokwisha kuwa ndani, wageni hawatakiwi, na huyo Benedicto roho yake ni mbaya.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua. Kisha alikiri kwamba yeye mwenyewe, alipouliza kuhusu bustani ya shuleni, alifungiwa mara mbili na akakaa mwezi mzima hawasemeshi.

"Kufuta salamu ya mtoto bila hata kuiitikia, hapo wamekosea," alisema. "Na kukupeleka kwenye swali lisilo lako, hapo pia. Sikatai. Sasa nionyeshe hiyo picha."

Aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Huu utando umetoka wapi, Mastura?"

Kuku wa mwalimu walikuwa wameanza kudonoa mbaazi ungoni, na hakuna aliyewafukuza.

"Ukienda zahanati ukasema dawa umezimeza zote, na hukumeza hata kidonge kimoja," mwalimu aliendelea taratibu, "daktari atafanya nini? Atakubadilishia dawa. Utaumwa palepale, na utasema daktari hajui kazi. Wanaweza wakawa wakali hao, lakini wewe huwezi kujibiwa shida ambayo hujaisema."

Alimwachia ua akaingia ndani. Mastura alibaki na simu mapajani. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Hakuweka salamu hata moja, akajiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

"Mwani aina ya mnene, kamba thelathini, Pande Kilwa, siku thelathini na nne tangu kupandwa. Maji yakitoka hufika magotini kwenye kamba za kina, na za upande wa ufukweni hubaki karibu wazi. Nilitakiwa kusafisha bamvua mbili, sikusafisha hata mara moja. Niliposema nilisafisha nilidanganya. Kamba kumi na mbili za upande wa ufukweni zinapauka na kukatika. Kumi na nane za kwenye kina bado zina rangi yake ila zina utando. Mama yuko Lindi na hajui. Maji yatakufa baada ya kesho. Tufanye nini?"

Akabonyeza haraka kabla mkono haujabadili nia.

Jua lilikuwa halijazama jibu lilipoingia. Swali lilikuwa limefunguliwa, na Benedicto mwenyewe ndiye aliyejibu.

"Sasa umeuliza. Mwani uliokwisha kupauka haurudi, usipoteze muda kuuosha. Kesho vuneni kamba zote za ufukweni, tengeni vitawi vizima mvianike, vilivyooza vitoeni majini. Kamba za kina zisafisheni kwa mkono na mzikaze zisilale chini. Mbegu chukueni kwenye hizo za kina, mkapande mbele zaidi. Lakini mwani ni wa mama yako, na kuvuna kabla ya wakati ni uamuzi wake. Mpigie kwanza. Na ile shikamoo yako ya juzi niliifuta kwa sababu ndiyo kanuni yetu, lakini ningeweza kuitikia kwanza. Marahaba, Mastura."

Mastura alilisoma neno la mwisho mara tatu. Kisha akampigia mama, kabla mama hajapiga.

Alimwambia yote, kuanzia harusi hadi vichekesho. Mama alimwacha amalize. Hakufoka. Alisema tu wavune, na kwamba bibi ameruhusiwa, watafika Jumamosi. Siku hiyo hakuuliza kamba zikoje. Mastura alilala na kimya kile, na hakikuwa kitu chepesi kulala nacho.

Jumatano maji yalitoka kama saa saba mchana. Mwalimu Yustina aliwaruhusu Mastura na Majid saa sita, na wanawake wawili wa kikundi cha mwani cha mama wakaja kusaidia. Walifungua, walitenga, walisugua, mpaka maji yalipoanza kurudi na kuwafika mapajani. Majid alibeba magunia ya mwani mbichi kwenda kwenye chanja ya kuanikia bila kulalamika, na kila alipopita karibu na Mastura alitazama pembeni. Ushauri wake wa "kila bamvua" alikuwa hajausahau. Katika kamba kumi na mbili, saba hazikuwa na kitu cha kuokoa.

Jumamosi mama alifika na bibi, akamlaza bibi kwenye kitanda cha kamba, akaenda moja kwa moja kwenye chanja. Aliugeuza mwani kwa vidole, akaunusa. Halafu akaomba simu yake, akasoma lile swali taratibu, neno kwa neno.

"Umeliandika vizuri," alisema. "Lakini lilikuwa langu hili. Mimi nilikuuliza kila jioni. Uliwatafuta watu wasiojua kamba zangu ziko wapi, ili wasijue kwamba hukwenda."

Mastura alijaribu kusema kwamba wale nao walimkosea, walimfungia mara tatu.

"Walikukosea, na aliyekukosea amekuitikia mbele ya watu. Hilo limekwisha," mama alisema. "Nisikilize mwanangu. Kosa ni kitu kidogo siku ya kwanza. Ungeniambia ile Jumamosi ya harusi, ningepata kosa tu na ningekuchapa kwa maneno, basi. Umelificha, sasa nimepata kosa na kamba saba ndani yake. Ukiharibu, sema mapema, na useme kwa mwenye mali. Msaada hauwezi kufika pale ulipoficha."

Mastura alisema amekosa. Mama hakumwambia kwamba si neno. Alimwambia bamvua ijayo watakwenda wote, siku zote zitakazoangukia mapumziko, na simu itabaki nyumbani na bibi.

Jioni ile hapakuwa na simu ya kusubiri. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, Mastura anaosha mchele, na bibi anakohoa kidogo chumbani. Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye mbuzi.

"Kamba zikoje?"

Mastura aliweka sufuria chini. Alianza na zile saba, moja baada ya nyingine, na hakuruka hata moja.