Betri Inayovuta Pumzi

Kuna jicho moja lisilolala wala kulia. Likikutazama mara moja tu, limekubeba. Ndilo alilokuwa nalo Okeyo shingoni Jumamosi ile sokoni Kawangware, mwaka wa tisini na sita, watu bega kwa bega na matope yakirukia marinda. Okeyo alikuwa mpiga picha wa kutembea, kutoka Lindi kule Kibera. Betri ya kamera yake kuukuu ilikuwa imekufa, na ya aina ile madukani haikuletwa tena. Basi akainama kwenye meza ya Simeon, fundi wa saa.

"Hii inaingia," Simeon akasema, akisukuma kidude cheupe ndani ya kamera. "Betri ni betri, bwana."

Mshale wa kupima mwanga ukaruka juu kuliko zamani. Okeyo akafurahi. Masikini, hakujua. Betri ile ilikuwa na nguvu kupita ile ya kwanza, na mshale uliopewa nguvu nyingi husema uongo: huona jua kali mahali penye kivuli.

"Wee, sogea. Ama umekodi meza?"

Aligeuka. Msichana alikuwa amevaa sweta ya manjano yenye kola nyeupe, nywele zimesukwa mistari, saa mbovu mkononi. Aliitwa Nasike, mfuaji nguo katika shule ya watoto viziwi.

"Nikisogea utaniangalia?"

"Nitaangalia saa yangu."

"Simama hapo chini ya paa nikupige moja. Ya bure."

"Ya bure ndiyo ghali," Nasike akasema, lakini tayari alikuwa akinyoosha kola. Alipocheka, mwanya ukaonekana, na Okeyo akabonyeza.

Mapenzi yakaanza hapo. Kila Jumapili baada ya kanisa Okeyo alitembea hadi Gatina, mtaa wa Nasike, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Katikati ya wiki alipiga simu kwa duka la Muthoni, jirani wa Nasike, na Muthoni akimwita Nasike mtaa mzima ulisikia.

"Jaber wangu," Okeyo alimwambia, maana kwao mrembo huitwa hivyo, "umekula?"

"Nimekula ugali. Wewe unakula maneno tu."

Halafu filamu ikajaa, akaipeleka mjini kuoshwa.

Alifungua bahasha akiwa amesimama barabarani, akazipitia moja moja. Picha zote zilikuwa na giza, na ya Nasike ilizidi. Uso haukuwepo. Kulikuwa na kola nyeupe, meno, na weusi kama chini ya sufuria.

Okeyo alikuwa na dada, Amolo. Alipougua walimpiga picha ndani ya nyumba, kwa taa ya koroboi, ikatoka hivyo hivyo. Hawakumaliza mavuno kabla ya kumzika. Mama yao alisema, "Picha ilimwona kabla yetu." Tangu siku hiyo neno hilo lilikuwa limelala ndani ya Okeyo kama nyoka kwenye kuni.

Jumapili hakwenda Gatina. Wala iliyofuata. Kila alipotaka kwenda aliona atakuta watu wamekaa nje kwenye viti vya kuazima, wanaimba. Mwishowe akapiga simu kutoka kibandani.

"Nasike? Unajisikiaje? Kifua? Kichwa?"

"Mimi mzima. Wewe umepotelea wapi?"

"Usitembee giza likiingia. Usile kwa watu. Tafadhali."

"Okeyo, umeoa?"

"Hapana! Wacha nikwambie, ni ile picha..."

Sarafu ikaisha, simu ikakatika. Muthoni akamtazama Nasike. "Ana bibi huyo," akasema. "Sauti ya mwanamume mwenye bibi naijua."

Nasike akaweka simu chini. Akafunga leso kichwani, akaenda Lindi. Alimkuta Okeyo ndani mchana kweupe, mlango umerudishwa.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako."

Okeyo akampa picha. Alieleza kila kitu, habari ya Amolo na ya mama yake, na alipomaliza alikuwa analia. Nasike aliitazama ile kola isiyo na uso, akaondoka nayo. Alirudi nyumbani akishika kuta. Alikohoa mara moja, akasimama kusikiliza kama kitarudi.

Kesho yake kazini aliitoa tena apronini. Safari hii akaangalia nyuma ya mwenye kola. Simeon alikuwa mweusi. Mbuzi wa jirani yake alikuwa mweusi. Hata fungu la kabichi.

"Kwani hata kabichi zitakufa?" akajiuliza kwa sauti.

Mwalimu Nyongesa alikuwa karibu, akibadilisha betri za vile vyombo vya masikioni vya kuwasaidia watoto kusikia. Alichukua picha, akacheka kidogo. "Kamera ya zamani? Ametia betri ya saa. Kali mno, inadanganya mshale, na mwanga unaingia kidogo. Ile ya kwanza haitengenezwi tena, lakini hii ya masikio inaikaribia sana kwa nguvu." Akampa moja. "Ni ndogo, muizungushie mpira. Na hii karatasi ya mgongoni usiibandue mpaka mko tayari. Betri hii huvuta pumzi. Ikianza, haiachi mpaka ife, uitumie usiitumie."

Jioni hiyo Nasike alikuwa Lindi, mkononi kipande cha mpira wa baiskeli alichokikata mviringo.

"Piga tena," akasema.

"Siwezi. Na ukitoka vile vile?"

"Nitakuwa nimetoka vile vile. Lete kamera."

"Nasike, naogopa."

"Unadhani mimi nimelala usiku?"

Akabandua karatasi mbele ya macho yake. "Haya. Imeanza kufa. Ukikaa hapo unalia itakufa tu."

Okeyo aliitia betri ndani ya mpira, na mpira ndani ya kamera. Mshale ukapanda polepole, haukuruka juu, ukasimama pale ulipokuwa ukisimama zamani. Akafungua jicho la kamera zaidi. Nasike alisimama mlangoni, hakucheka. Kamera ikalia, tak.

"Nitaipeleka kuoshwa kesho," Okeyo akasema, akipumua kama aliyekimbizwa. "Ikitoka safi, nakwenda kwa shangazi yako, yule mnayemwita senge, kukuposa."

"Ikitoka safi?" Sauti ya Nasike ilishuka. "Basi usije kabisa. Nitakufa siku moja, Okeyo, hata na picha ya kung'aa. Unanitaka hivyo, ama unataka wa kutokufa?"

Nje mtoto alikuwa akiitwa kuoga. Okeyo alitazama kamera, akailaza kitandani, filamu ndani. Akachukua koti.

Senge Nekoye, dadake babake Nasike, alikaa mtaa wa Kongo, pale Kawangware, na walimkuta akipuliza jiko.

"Huyu anatetemeka nini? Ameiba?"

"Hapana, mama," Okeyo akasema. "Nimekuja kuuliza wazee wangu waje lini."

Senge Nekoye akamtazama juu mpaka chini, kisha akaongeza maji kwenye sufuria ya chai, na hilo lilikuwa jibu.

Kikombe kikamcheza Okeyo mkononi, kwa maana hofu ilikuwa haijamtoka. Nasike akaweka kiganja chini yake, wakakishika wote wawili, chai isimwagike.